Mechi nane bila ushindi: kocha atimuliwe au abaki?

SWALI: "Mimi ni mjumbe wa kamati ya utendaji ya klabu ya Ligi Kuu Tanzania Bara. Tumecheza mechi 17, tuna pointi 14 na tuko nafasi ya 14. Tulianza vizuri, pointi 11 katika mechi tisa, lakini mechi nane zilizofuata hatujashinda hata moja: sare tatu, tumepoteza tano, tumefunga mabao manne na kufungwa 13. Kocha ni wa kigeni na mkataba wake umebakiza miezi 17. Dirisha dogo la usajili limeshafungwa. Mishahara ya wachezaji imechelewa miezi miwili, ingawa tunalipa kidogo kidogo. Mwenyekiti anataka Ijumaa tumtimue, na wanachama wanapiga kelele. Msimu uliopita tulibadilisha kocha mara mbili, tukanusurika kwenye mtoano wa kuwania kubaki ligi kuu. Je, tumtimue au tumwache?"

JIBU:

Ndugu mjumbe, pole na presha. Nimelisoma swali lako mara kadhaa na naona hofu yako hasa si kocha. Hofu yako ni kushuka daraja, na kutimua kocha ndilo jambo pekee ambalo kamati inaweza kulifanya ndani ya saa moja na kila mtu akaliona. Nianze na msimamo wangu ili usiutafute hadi mwisho: Ijumaa msimtimue. Jipeni siku kumi za kufanya kazi nitakayoieleza hapa, kisha mkutane tena. Inawezekana baada ya siku hizo jibu likawa ni kuachana naye kweli. Lakini mtakuwa mnajua kwa nini, na mtakuwa na mtu wa kumpokea timu.

Tuanze na hesabu zenu wenyewe. Mechi tisa za mwanzo mlipata pointi 11, yaani wastani wa 1.22 kwa mechi. Nane zilizofuata mmepata tatu. Zimebaki mechi 13. Idadi ya pointi zinazotosha kubaki ligi kuu hubadilika kila msimu, lakini tuchukue 30 kama lengo la kufanyia hesabu. Mnahitaji 16 zaidi katika mechi 13, wastani wa 1.23. Huo ni mwendo uleule mliokuwa nao mwanzoni, chini ya kocha huyuhuyu na karibu wachezaji walewale. Kwa hiyo swali la kujadili kikaoni si kama kocha ni mzuri au mbaya. Swali ni hili: kati ya timu ile ya mechi tisa na hii ya mechi nane, ipi ndiyo timu yenu halisi? Na kama ni ile ya mwanzo, nini kilitokea katikati?

Kabla ya kumtafuta mchawi, kuna jambo moja ambalo kamati nyingi hulipuuza: mfululizo mbaya unaweza kutokea bila kitu chochote kuharibika. Chukua timu ya kawaida ambayo katika kila mechi ina nafasi ya kushinda asilimia 30, sare asilimia 30, kupoteza asilimia 40. Kwa msimu wa mechi 30 timu hiyo itavuna wastani wa pointi 36, na wanachama wake watalala usingizi. Sasa piga hesabu ya uwezekano wa timu hiyohiyo kupitia mechi nane mfululizo bila ushindi mahali fulani ndani ya msimu. Jibu ni takriban misimu 40 kati ya 100. Mechi tano bila ushindi ni zaidi ya misimu 85 kati ya 100. Hapo kocha hajabadilika, mbinu hazijabadilika, hakuna mchezaji aliyehujumu. Hesabu hii haimsafishi kocha wenu. Inachosema ni kwamba ule mfululizo peke yake hautoshi kumhukumu, hasa ikiwa ndani ya mechi hizo nane mlikutana na Yanga, Simba, Azam na Singida Black Stars. Angalia ratiba: kati ya mechi tano mlizopoteza, ngapi zilikuwa dhidi ya timu ambazo hata mwanzoni mwa msimu hamkupanga kuzifunga?

Hapa ndipo ile imani ya "kocha mpya huleta ari mpya" inapozaliwa. Klabu hutimua kocha ikiwa chini kabisa. Ukiwa chini kabisa, sehemu ya bahati mbaya iliyokusukuma huko kwa kawaida haiendelei, kwa hiyo mechi zinazofuata huwa afadhali, awe amekuja kocha mpya au amebaki wa zamani. Watafiti wa Uholanzi, Jan van Ours na Martin van Tuijl, walilipima jambo hili kwenye ligi kuu ya nchi yao. Walichukua timu zilizotimua kocha katikati ya msimu, wakazilinganisha na timu zilizopitia kipindi kibaya cha namna hiyohiyo lakini hazikutimua. Zote mbili ziliinuka, na zilizotimua hazikuinuka zaidi. Mwanachama aliyeko jukwaani huona timu iliyobadilisha kocha ikipata nafuu, akampongeza mwenyekiti. Ile iliyopata nafuu bila kubadilisha haimvutii mtu kuizungumzia.

Mifano ya pande zote ipo. Leicester City walimtimua Claudio Ranieri Februari 2017, miezi tisa baada ya kuwapa ubingwa wa Uingereza. Craig Shakespeare, msaidizi wake, akashinda mechi tano za kwanza za ligi na timu ikamaliza nafasi ya 12. Oktoba ya mwaka huohuo naye akatimuliwa. Southampton msimu wa 2022/23 walianza na Ralph Hasenhüttl, wakaleta Nathan Jones, wakamtoa, wakampa Rubén Sellés, na wakashuka wakiwa wa mwisho. Everton msimu huohuo walimtoa Frank Lampard Januari, wakamleta Sean Dyche, wakabaki ligi kuu siku ya mwisho. Dyche huyo ndiye aliyeshuka na Burnley mwaka 2015, klabu ikambakiza, na mwaka uliofuata akairudisha ligi kuu ikiwa bingwa wa daraja la pili.

Hapa kwetu tumeyaona kwa macho. Novemba 2023 Simba ilifungwa 5-1 na Yanga, na siku mbili baadaye ikaachana na Roberto Oliveira, tunayemfahamu kama Robertinho. Akaja Abdelhak Benchikha, kocha aliyekuwa ametoka kuipa USM Alger Kombe la Shirikisho Afrika dhidi ya Yanga hiyohiyo. Aprili 2024 Benchikha akaondoka, Juma Mgunda akamalizia msimu, na Simba ikamaliza ya tatu nyuma ya Azam kwa tofauti ya mabao. Yanga nao msimu wa 2024/25 walipita kwa Miguel Gamondi, Sead Ramovic na Miloud Hamdi, makocha watatu, na bado wakachukua ubingwa. Unapoitazama mifano hii miwili pamoja, unaona kuwa kikosi ndicho kilichobeba uzito mkubwa kuliko jina lililokaa kwenye benchi. Na ninyi, dirisha likiwa limefungwa, kocha yeyote atakayekuja atakikuta kikosi hikihiki.

Umesema msimu uliopita mlibadilisha mara mbili mkanusurika. Naomba uitazame hoja hiyo upya, kwa sababu naona ndiyo inayomsukuma mwenyekiti. Kunusurika kwenye mtoano si ushahidi kwamba mabadiliko yalisaidia. Huenda yaliwafikisha huko kwenye mtoano. Kila kocha husajili kwa mfumo wake: mmoja anataka mawinga, mwingine anataka mabeki watatu wa kati, wa tatu anataka kiungo mkabaji. Baada ya makocha watatu ndani ya msimu mmoja mnabaki na kikosi cha viraka. Sehemu ya mnachokilipia msimu huu inaweza kuwa bili ya msimu uliopita.

Sasa kazi ya siku kumi. Kwanza, video. Mechi zenu zimerushwa na Azam TV, kwa hiyo picha zipo. Chagueni watu wawili wanaoujua mpira na wasio na upande katika mgogoro huu, na mmoja asiwe wa benchi la ufundi. Kila mmoja ahesabu peke yake nafasi za wazi, zenu na za wapinzani, katika mechi zote 17. Nafasi ya wazi ielezwe kabla ya kuanza: mchezaji anapiga shuti au kichwa akiwa ndani ya boksi, eneo la katikati mbele ya goli, kwa umbali usiozidi ule wa alama ya penalti au hatua chache nyuma yake, na aliyebaki mbele yake ni kipa tu. Mashuti ya mbali yasihesabiwe hata kama yamegonga mwamba. Penalti ziandikwe pembeni. Mechi moja huchukua kama saa mbili na nusu ukisimamisha na kurudisha, hivyo wakitazama mbili kwa siku watamaliza ndani ya siku tisa. Mwishoni walinganishe daftari zao. Pale walipotofautiana, warudie tukio hilo wakiwa pamoja.

Baada ya hapo gawanyeni hesabu katika mafungu mawili: mechi tisa za mwanzo na nane za mwisho. Kwa makadirio, nafasi za namna hii huzaa bao moja kati ya tatu au moja kati ya nne. Tuseme katika mechi nane mmetengeneza 24 na kuruhusu 27. Mlistahili mabao sita hadi nane, mmepata manne, na waliowafunga wamevuna zaidi ya haki yao. Timu hiyo bado inacheza. Tatizo lake ni mmaliziaji, kipa au bahati, na kumtimua kocha hakugusi hata kimoja. Lakini mkikuta mmetengeneza 10 na kuruhusu 38, huku mwanzoni mlikuwa 26 kwa 28, basi kuna kitu kimevunjika ndani ya timu, na hata mngekuwa na sare nyingi zaidi ningewaambia muwe na wasiwasi.

Pili, yachukueni yale mabao 13 mliyofungwa na muandike dakika na aina ya kila moja. Dakika 15 za mwisho ni sehemu moja ya sita ya mchezo, kwa hiyo mabao mawili au matatu baada ya dakika ya 75 ni jambo la kawaida, kwani mabao ya mwishoni huwa mengi kidogo kila mahali. Yakiwa sita, hiyo ni pumzi. Chanzo kinaweza kuwa mazoezi, na hapo kocha wa viungo aulizwe. Lakini kinaweza pia kuwa wachezaji kusafiri kwa basi siku mbili, kufika jioni na kucheza kesho yake, au kambi inayokula ugali na maharage siku nne kati ya saba. Hayo mawili yanaamuliwa na kamati. Kama nusu ya mabao yametokana na mipira iliyokufa, yaani kona na faulo za pembeni, hiyo ni habari nzuri, kwa sababu ndilo kosa linalorekebishika haraka kuliko yote. Vipindi viwili kwa wiki vya dakika 25, kila beki akijua anamkaba nani na nani analinda nguzo ya karibu, na ndani ya wiki tatu utaona tofauti.

Tatu, na hili nalisema kwa uchungu kwa sababu nimeona umeliandika kwa kupita: mishahara. Chukueni kalenda mweke alama siku mshahara ulipokwama kwa mara ya kwanza, kisha mweke alama mechi ya kwanza katika zile nane. Kama alama hizo ziko karibu, mmeshapata sehemu kubwa ya jibu. Mchezaji anayedaiwa kodi, ambaye mama yake anampigia simu kutoka kijijini kuomba hela ya dawa, haachi kucheza kwa makusudi. Anachelewa nusu sekunde kwenye mpira wa pili. Haruki kwa nguvu ile ile. Anaogopa kuumia kwa sababu hajui nani atalipa hospitali. Nusu sekunde hiyo ukiizidisha kwa wachezaji 11 ndiyo tofauti ya sare na kipigo. Na "kulipa kidogo kidogo" kuna hatari yake: wakigundua kuwa nyota wawili wamelipwa na wengine hawajalipwa, chumba cha kubadilishia nguo kinagawanyika. Kama mna milioni chache, wapeni wote asilimia ileile, siku ileile, na muwape tarehe ya kiasi kilichobaki, tarehe ambayo mna uhakika nayo.

Nne, wasikilizeni wachezaji, lakini kwa utaratibu. Msiwakusanye wote na kuuliza "mnamtaka kocha?" Hapo watajibu wenye sauti kubwa na wasiopangwa. Nahodha, kipa wa kwanza, mchezaji mmoja mzoefu asiyeanza na kijana mmoja waitwe mmoja mmoja, na waulizwe maswali ya kazi: mechi iliyopita mlielekezwa kufanya nini mkipoteza mpira? Mazoezi ya jana yalikuwa na lengo gani? Wakijibu kwa maneno yanayofanana, ujumbe wa kocha unafika. Kila mmoja akisema lake, au wakisema "hatujui, anabadilisha kila wiki", hapo tatizo ni la kocha. Mjumbe mmoja ahudhurie mazoezi matatu bila kutangaza na aangalie saa: mazoezi yanaanza kwa wakati? Msaidizi na kocha mkuu wanazungumza? Kocha anaposahihisha, mchezaji anarekebisha au anageuza uso? Dalili hii ya mwisho ni mbaya kuliko kipigo chochote. Wachezaji wakishaacha kumwamini kocha, ni nadra sana kurudi.

Ni lini, basi, ningewaambia mwachane naye? Mambo matatu yakikutana. Nafasi za wazi zimeporomoka hata dhidi ya timu za kiwango chenu. Wachezaji hawafuati tena maelekezo, na sababu si mshahara. Na mnaye mrithi mwenye jina, mliyekwisha kuzungumza naye, mwenye leseni inayotakiwa na kanuni za ligi, anayeweza kuanza kazi ndani ya siku tatu. La tatu likikosekana, mawili ya mwanzo hayatoshi, isipokuwa pale ambapo kubaki kwa kocha kunaharibu zaidi kila siku, kwa mfano ugomvi wa mikono au utovu wa nidhamu. Kumkabidhi msaidizi "kwa muda" huku mkitafuta mtu hula mechi nne au tano, na ninyi mna 13 tu.

Mrithi huyo naye achunguzwe. Ameshawahi kuchukua timu katikati ya msimu bila kusajili? Anaweza kucheza na wachezaji mlionao, au ataomba washambuliaji wawili ambao hamwezi kumpa? Mwonyesheni ile hesabu ya video na mumsikilize atasema nini. Anayejibu kwa ahadi za ari na kujituma peke yake mshukuruni mwachane naye. Anayewaambia "beki yenu inapanda mno wakati kiungo hakabi, wiki ya kwanza nitaishusha mita kumi" ana kitu cha kufanya Jumatatu asubuhi. Na kama ni mgeni, kibali cha kazi kitachukua muda. Ulizeni mapema. Siku nzuri ya makabidhiano ni mwanzo wa mapumziko ya mechi za kimataifa au pengo lolote la siku kumi kwenye ratiba. Kumtimua mtu siku mbili kabla ya mechi ya ugenini ni kuwapotezea wachezaji mechi hiyo.

Suala la fedha linahitaji mtu wa kukaa naye mezani. Kocha wenu ni wa kigeni, kwa hiyo mgogoro unaweza kufika FIFA, ambayo tangu Januari 2021 ina kanuni maalumu za mikataba ya makocha. Matokeo mabaya peke yake kwa kawaida hayahesabiwi kuwa sababu halali ya kuvunja mkataba. Fidia huanzia kwenye mshahara wa muda uliobaki, isipokuwa mkataba wenyewe umeweka kiwango kingine. Tuseme analipwa milioni 10 kwa mwezi: miezi 17 ni milioni 170. Akipata kazi nyingine ya milioni 6 kwa muda huohuo, milioni 102 hupunguzwa, zinabaki 68. Mkishindwa kulipa kile kilichoamuliwa, adhabu inaweza kuwa kufungiwa kusajili kwa hadi madirisha matatu mfululizo. Tena, kama na yeye anawadai mishahara ya miezi miwili au zaidi, anaweza kuwaandikia, kuwapa muda wa kulipa, kisha akavunja mkataba yeye mwenyewe na haki ikawa upande wake. Kwa hiyo kabla ya barua yoyote, kabla hata ya msemaji wa klabu kuandika chochote mtandaoni, mtafuteni mwanasheria aliyewahi kushughulikia mikataba ya michezo, aisome mikataba yote ya benchi la ufundi na si wa kocha mkuu tu. Njia nafuu karibu siku zote ni makubaliano ya pande mbili: mishahara ya miezi mitatu au minne, tarehe za malipo zimeandikwa, na sahihi za pande zote.

Mkiamua kumbakiza, mbakizeni kweli. Msitoe taarifa ya "tuna imani na kocha wetu", kwa sababu kila mchezaji anajua taarifa hiyo hutangulia kufukuzwa. Badala yake kaeni naye na zile hesabu na mkubaliane mambo mawili atakayobadilisha, si kumi. Mpeni mechi sita zilizotajwa kwa majina, na kipimo kiwe pointi pamoja na nafasi za wazi, ili sare ya ugenini yenye mchezo mzuri isigeuzwe kesi. Wajumbe waache kumpigia simu kuhusu kikosi. Ukweli ni kwamba nimeona makocha wengi wakibebeshwa lawama za kikosi ambacho hawakukipanga peke yao, na kamati yenu nayo ijiulize hilo. Kama kuna fedha zilizotengwa kwa "maandalizi ya nje ya uwanja", zile ambazo hazina risiti, zielekezeni kwenye mishahara.

Kwa kikao cha Ijumaa, basi, nendeni na ajenda mbili tu: tarehe ya kumaliza deni la wachezaji, na majina ya watu wawili watakaoanza kutazama video Jumamosi. Mwenyekiti akiwa bado anataka kura ya kumtimua, muombe ataje kwanza nani atasimamia mazoezi ya Jumatatu na fedha za fidia zitatoka akaunti gani.